Wametoa Gari

Jumamosi, wiki ya pili ya Februari. Theluji ilikoma jana. Jua limewaka tangu asubuhi, lakini ni jua la kuangalia tu, halipashi kitu moto. Ukivuta pumzi nje, pua inashikana kwa ndani.

Naandika nikiwa nimechoka na Minnesota, nimechoka na Texas ambako sijawahi kukanyaga, na nimechoka na mume wangu, ingawa yeye najua nitamsamehe tukishakula. Leo ndiyo siku aliyopewa ya kujibu. Kuna ghala huko Texas, karibu na anapokaa dada yake, wanamtaka aanze kazi mwezi ujao. Meneja alisema jibu ni leo jioni, ama nafasi apewe mwingine. Akikubali, tunahama sote: yeye, mimi na msichana wetu aliye gredi ya tisa. Akikataa, tunabaki hapa Saint Paul. Mpaka Alhamisi alikuwa bado anapimapima. Halafu gari ikachukuliwa.

Wacha nieleze vile ilivyokuwa, nisije nikamwonea.

Tulihamia huku Oktoba. Kabla ya hapo tulikaa Woodbury, kwa fleti zenye uwanja wao wa magari, na theluji ikianguka kuna watu wa kuja kuisukuma. Huku tunaegesha barabarani. Hakuna aliyetuambia kwamba theluji ikizidi jiji linatangaza dharura, na upande mmoja wa barabara unatakiwa uwe wazi ili magari ya kusukuma theluji yapite, halafu zamu inakuwa ya upande wa pili. Ukikosea upande, gari yako inavutwa na kupelekwa yadi, haitoki mpaka ulipe. Lakini nisiseme hakuna aliyetuambia. Vibao vipo. Na ujumbe uliingia kwa simu ya mume wangu Alhamisi jioni, akausoma, akanisomea na mimi. Kuna dharura ya theluji.

"Sasa tunafanya nini?" nikamuuliza.

"Ni kukaa ndani," akasema.

Kwa vile tulivyolelewa, dharura ni mtu anakimbizwa hospitali, ama mto umepanda mpaka darajani. Wakikuambia kuna dharura unafunga mlango na unatulia. Kwa hivyo tulitulia. Alijaza maji kwa jagi, akatafuta mishumaa, akahakikisha simu zote zina chaji. Nilimwangalia nikaona hapa nimeolewa na mtu anayejali nyumba yake. Na wakati huo gari iko nje, upande usiotakiwa, na ndani ya buti kuna mfuko wa nyama ya mbuzi aliyonunua akitoka kazini akasahau kuishusha.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kazini. Nafanya kazi kwa nyumba ya wazee huko Inver Grove Heights, na mwenzangu wa shifti ndiye hunipitia na gari yake. Nilikuwa jikoni nawatengenezea wazee uji wao, mashine ya vyombo inanguruma, simu ikalia.

"Wame-tow gari," mume wangu akasema.

Sisi Wakenya ndivyo tunavyoongea. Tunachukua neno la Kiingereza tunalivalisha Kiswahili, na kwa kawaida hakuna anayepotea. Lakini kwa hiyo kelele mimi nilisikia wametoa gari. Na gari yetu asubuhi hiyo niliiacha imefukiwa na theluji mpaka kwa vioo vya pembeni. Nikajua kuna watu wema wamepita na sepetu zao wakaichimbua.

"Mungu awabariki," nikasema. "Umewapa hata chai?"

Akauliza, "Nani?"

"Hao waliotoa."

"Mama, unanichezea?"

"Sikuchezei. Watu wanatoka na baridi hii wanatoa gari ya mtu hata hawamjui. Kama hukuwa na chai, ungewashukuru kwa mdomo."

"Wame-tow," akasema polepole, kama mtu anayeongea na mmoja wa wazee wangu. "Wamevuta, wamebeba. Nimetoka nje, gari haiko. Kuna shimo tu."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, na yeye alikata simu, na sijui kama ana makosa. Lakini ilikuwa ni kicheko cha mtu ambaye hana la kufanya. Niliporudi nyumbani alikuwa amekaa na koti mwilini. "Tunahama," akasema. "Siwezi kukaa mahali ambapo hali ya hewa inakuja na polisi."

Dada yake alikuwa ashapewa habari. Wifi yangu huyu tunapendana, lakini kwa mambo ya state, jimbo lipi zuri na lipi baya, hatuelewani kabisa. Alipiga simu ya video akiwa amevaa blauzi ya mikono mifupi, na najua aliivaa makusudi.

"Wifi, poleni na friji," akasema.

"Tumeshapoa."

"Yaani mnaishi ndani ya friji na bado mnalipa kodi ya friji. Huku mshahara haukatwi kodi ya state. Huku mtu anaegesha mbele ya nyumba yake mpaka gari inaota nyasi."

"Na nyinyi mnaishi ndani ya oveni," nikamwambia. "Mwaka jana si ni wewe uliniambia usukani ulikuchoma kiganja?"

"Hiyo ni Agosti."

"Na Julai?"

"Julai pia," akasema. "Lakini kuna Februari, wifi. Angalia Februari yangu." Akageuza simu nikaona kijani nje ya dirisha lake. Kusema haki, ilikuwa nzuri.

Hii mambo ya state mbaya na state nzuri imenichosha. Kanisani, tukimaliza ibada na kushika vikombe vya chai, wanaume hawana hadithi nyingine. Mmoja alikaa Alabama, mwingine alikaa Arizona, na kila mtu akitaja state aliyohama anaitaja kama mke aliyemwacha. Hakuna aliyehama akasema kosa lilikuwa lake. Halafu wanatumiana orodha kwa simu, state za kuhepa, na Minnesota kwenye orodha moja iko juu na kwenye nyingine iko chini, na mimi naosha vikombe nikijiuliza hao wanaopanga hizo orodha walikaa wapi, na kwa miguu au kwa gari.

Mimi si mtu wa kuamua. Shule niliachia kidato cha pili, na America naijua kwa njia ya kwenda kazini na kurudi. Lakini jana nilijaribu kupima sawasawa. Hapa jua linazama watoto wakiwa bado wanashuka basi la shule. Chumvi wanayomwaga barabarani inakula gari kwa chini. Ngozi inapasuka hata ukipaka mafuta mpaka ung'ae. Watu ni wapole, lakini unaweza kukaa karibu na mtu baridi yote usijue kama ni mzima. Upande mwingine, shule ya msichana inampenda, na yeye hasemi anaipenda lakini haamki kwa kusukumwa. Kuna basi. Kuna Wakenya wa kutosha kufanya harusi na kugombania sufuria. Juni ikifika hutaamini ni mahali pale pale.

Na Texas? Napima mahali sijaonja. Najua tu anayosema wifi akichoka kujisifu: kwamba bila gari huwezi kufika hata kwa jirani, kwamba mtoto hachezi nje mchana wakati wa kiangazi, na kwamba mashine ya kupoza nyumba ikikata, mnahamia kwa gari. Sijui kama nisimulie hayo kama ubaya. Pengine na yeye anasimulia baridi yetu vile mimi nasimulia joto lao.

Kuna jambo ambalo sikulitia kwenye mizani, na nafikiri nililiacha makusudi. Mume wangu anasambaza vifurushi. Anashuka na kupanda gari ya kazi siku nzima. Tangu Desemba vidole vyake vinageuka vyeupe, halafu bluu, halafu vinamuuma mpaka anavishika kwapani kama mtoto. Daktari alimwambia aepuke baridi, na yeye akamuuliza daktari aepukie wapi. Asubuhi mimi ndiye namfungia vifungo vya shati. Hatuongei tukifanya hivyo. Kanisani haisemi hiyo. Kanisani anasema kodi.

Leo asubuhi tulienda kuchukua gari. Tulipanda basi, halafu tukatembea kando ya barabara ambayo watu wa kuisukuma walikuwa wamerundika theluji yote pale pa kutembelea, kwa hivyo tulitembea juu ya mlima. Mume wangu alikuwa anahesabia Minnesota makosa yake kwa sauti. Nilimwambia apumzishe mdomo, koo litaganda.

Yadini kulikuwa na foleni mpaka nje ya mlango. Mbele yetu alisimama mwanaume wa makamo, kofia imeshuka mpaka kwa nyusi, akageuka akatuangalia.

"Poleni, ndugu zangu," akasema. "Na nyinyi gari lenu limevutwa?"

Mume wangu akaniinamia. "Huyu ni wa Tanzania. Hata akiibiwa anaongea vizuri."

"Nimekusikia, kaka," yule mwanaume akasema, na akacheka.

Nikamweleza habari ya wametoa na chai, kwa sababu foleni haikuwa inasonga na nilitaka mume wangu aisikie mtu mwingine akiicheka. Yule bwana alicheka mpaka akafuta machozi kabla hayajaganda. "Lakini hukukosea, dada. Wamelitoa kweli. Wamelitoa mahali pake."

Mume wangu akamwambia yeye hana shida tena, anahamia Texas.

"Nilitoka huko," yule bwana akasema.

Hapo mume wangu akasimama vizuri. "Pakoje?"

"Pazuri."

"Mbona basi ulitoka?"

"Mke wangu alishindwa na joto."

"Na huku?"

"Huku ameshindwa na baridi. Nimemwambia atafute jimbo lisilo na hali ya hewa, tutahamia hata kesho." Halafu akaitwa dirishani, akaenda na karatasi zake.

Tulilipa. Kiasi sitaandika, nisije nikakisoma tena. Gari tuliikuta katikati ya nyingine, ina barafu mpaka kwa kufuli, na mume wangu akajaribu kufungua mlango, vidole vikakataa. Akajaribu mkono wa pili. Mimi nikachukua ufunguo nikafungua, nikaenda kufungua buti. Mfuko wa nyama ulikuwa pale pale. Nilijitayarisha kwa harufu. Hakukuwa na harufu. Ile nyama ilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia, nyekundu vilevile, nzima. Siku hizo zote nje, na hata friji yetu haigandishi hivyo.

"Huko Texas ingekuwa inatembea na funza," nikasema. Naona niliandike hilo kwa upande wa Minnesota, kwa sababu ni haki yake.

Yeye alikuwa ameketi ndani, mikono imekaa juu ya hita ambayo ilikuwa bado inapuliza baridi.

Niliachia hapo nikapike; sasa ni usiku, naendelea. Jioni wifi alipiga. Nyama ilikuwa motoni, msichana wetu alikuwa mezani na vitabu vyake, anasikiliza Kiswahili chote na kujifanya hasikii.

"Umejibu?" wifi akamuuliza kaka yake.

"Najibu sasa hivi. Nimechoka. Hawa watu wame-tow gari yangu mbele ya nyumba yangu, nimelala."

"Ngoja kwanza," akasema. Nilishangaa, maana miezi yote hii alikuwa anamvuta. "Unakuja kwa sababu ya gari?"

"Gari, theluji, kodi, kila kitu."

"Kama ni gari, usije. Huku pia wana-tow. Mimi wame-tow mara mbili na hakuna hata theluji. Sitaki uje hapa halafu siku ya kwanza ya joto uanze kuniambia Minnesota kulikuwa na maziwa ya kuogelea. Niambie kitu kimoja cha ukweli."

Mume wangu akaangalia simu, akaangalia meza. Msichana wetu aliacha kuandika. Mimi nilikuwa na hoja zangu zote tayari, za shule, za kanisa, za Juni, nimezipanga tangu jana, na nilijua namna nitakavyozisema.

"Ni vidole," akasema.

"Vimefika wapi?"

"Leo nimeshindwa kufungua gari yangu mwenyewe."

Wifi hakufanya mzaha. "Basi njoo, kaka," akasema.

Hoja zangu zilibaki hapo mdomoni. Hakuna hata moja iliyokuwa na la kusema kuhusu vidole. Kilichoniudhi ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa ni la kusema kwa neno moja, na sisi tumelizungushia state mbili nzima. Aliandika ujumbe kwa meneja polepole, kwa kidole kimoja, akanipa niangalie kabla ya kutuma. Nilirekebisha herufi moja. Yeye ataenda mwezi ujao, mimi na msichana tutamfuata shule ikifungwa Juni, yaani wakati ule ambapo huku ni kuzuri na huko ni tanuri. Msichana akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba makoti yote tuyaache hapa, asiyaone tena. Halafu akaenda chumbani kwake, akarudi macho mekundu akauliza chakula kiko wapi. Sijui kama tumefanya vizuri. Nimeandika vile ilivyokuwa.

Tulikula ugali, sukuma, na ile nyama ya mbuzi iliyolala yadini, nikaichemsha kwanza halafu nikaikaanga na nyanya na dania. Ilikuwa laini, hakuna aliyeilalamikia. Mume wangu alikuwa anakata tonge la ugali moto na kulishika mkononi muda mrefu kabla ya kulila.