Fundi Kalinga na Maneno ya Marehemu

Clement Kalinga hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kuambiwa. Ukimpelekea redio mbovu ukasema imeanguka, atakuuliza imeanguka wapi, juu ya nini, na nani alikuwapo. Ataigeuzageuza, atazikagua skrubu zake, kisha atakwambia bila haya kwamba redio haijaanguka hata kidogo. Imefunguliwa kwa kisu cha jikoni na mtu asiyejua kazi, na huenda mtu huyo ni wewe. Mara nyingi alikuwa sahihi, ndiyo maana watu walimvumilia. Pale Mafiati, Mbeya, walikuwa wakisema kwamba hata ukifufuka mbele ya Kalinga, atakuomba kitambulisho kwanza.

Tabia hiyo aliitoa kwao Iringa. Alizaliwa kijiji cha jirani na Tosamaganga, akafunzwa ufundi na bruda mmoja wa misheni aliyekuwa na mchezo wa kuharibu redio nzima kwa makusudi, kisha anakaa pembeni kuona mwanafunzi ataligundua kosa baada ya saa ngapi. Ukilelewa hivyo, unazeeka huku unanusa. Alikuja Mbeya akiwa kijana, akaoa, akalea, akamzika mke, na sasa alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara na benchi mbili za wateja ambazo wateja halisi walizikalia kwa nadra.

Waliozikalia walifuata siasa. Zamani Kalinga alikuwa akitengeneza mitambo ya kituo kidogo cha redio ambacho sasa hakipo, na huko alijuana na wachambuzi wawili waliokuwa wakisikilizwa kila Jumamosi asubuhi. Mmoja aliitwa Mzee Alawi, muuza vitambaa ambaye babu yake alitokea pwani, mtu wa maneno laini yenye mwiba ndani. Mwingine alikuwa Mama Matilda, mwalimu mstaafu, Mnyakyusa kutoka Tukuyu, ambaye hakuwa na ulaini wowote. Mgombea akiahidi barabara, Alawi alimpongeza kwa dakika tano, halafu Matilda akauliza greda litatoka wapi. Alawi alitangulia mbele ya haki. Matilda akafuata miaka sita iliyopita, na kituo kilipofungwa Kalinga akapewa boksi zima la kanda zao kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka.

Tangu hapo, kila ukija uchaguzi, watu wa benchi walimtaka aseme marehemu wangeonaje. Kalinga aliweka bisibisi chini na kuanza. Alijua kumwiga Alawi mpaka kule kusafisha koo, na Matilda mpaka kikohozi chake kifupi. Mwaka huu kulikuwa na uchaguzi mdogo wa diwani baada ya yule wa mwanzo kufariki, na marehemu walikuwa na kazi kubwa. Alawi aliwashangaa wagombea wanaocheza muziki jukwaani, akasema zama zao mgombea alikuwa akitoka jasho kwa maswali. Akazipapasa fulana za kampeni, akapima kitambaa kwa vidole, akasema nguo hii ikifuliwa mara mbili sura ya mheshimiwa itabaki kwenye beseni. Matilda akauliza hizo picha za mheshimiwa akibeba ndoo, ndoo ilikuwa na maji au la. Watu walicheka mpaka wapita njia wakasimama.

Kati ya wagombea, Kalinga alimtaka mmoja aitwaye Asukile. Huyu alikuwa ameahidi kwamba mafundi wa kando ya barabara hawatahamishwa mpaka wapewe mahali pengine, na Kalinga, pamoja na ujanja wake wote, alikuwa na hofu kubwa ya kuvunjiwa kibanda. Basi siku moja akampa Matilda maneno matamu. Akakohoa kile kikohozi, akasema kwa sauti ya marehemu: "Huyu Asukile namjua. Akisimama, simameni naye." Benchi zote mbili zikapiga makofi, na mtu akarekodi kwa simu akarusha kwenye grupu la mtaa.

Wiki ile ile akaja mgeni, mtu mzima mwenye miwani na begi la kompyuta. Alijitambulisha kwa jina la Ezron, akasema anakusanya sauti za zamani kwa ajili ya makumbusho yanayoandaliwa Iringa. Mtu mwingine yeyote angehojiwa nusu saa. Lakini Ezron alianza kwa kuinamisha kichwa na kusema, "Kamwene," salamu ya Kihehe, lugha ya kwao, ambayo Kalinga hakuwa ameisikia ikisemwa vizuri namna ile tangu amzike mke wake. Moyo wa mzee ukalainika. Akaulizia ukoo, akaulizia mvua za nyumbani, na hakuuliza barua wala kitambulisho. Ezron alishinda pale siku mbili akihamisha kanda za Matilda kwenye kompyuta yake, akashukuru sana, akaondoka.

Siku tisa kabla ya kupiga kura, Mama Saida, muuza chai wa jirani, alikuja mbio na simu mkononi. Kwenye grupu la mtaa ilikuwa imeingia sauti ya Mama Matilda. Walioituma waliandika kwamba ilirekodiwa kabla hajafariki na ilikuwa imefichwa. Matilda alikohoa, akawasalimu wana Mbeya, akasema huyu Asukile namjua, akisimama simameni naye; akakohoa tena. Mzee mmoja akavua kofia. Kisha wote wakamgeukia Kalinga, kwa maana ni nani mwingine aliyeijua sauti ile kumzidi?

Kalinga aliisikiliza mara tatu. Mara ya pili tu alikuwa ameshajua. Kikohozi cha mwanzo na cha mwisho vilikuwa kimoja, sawasawa mpaka kwenye mkwaruzo mdogo wa kanda. Binadamu hakohoi hivyo. Mtu alikikata na kukibandika mara mbili, na hayo mengine yote yalipikwa na kompyuta. Akamkumbuka Ezron na begi lake la kompyuta. Lakini Asukile alikuwa amebanwa sana na mpinzani wake, kibanda kilikuwa kinangoja greda, na watu kumi na wawili walikuwa wanamtazama mdomo.

"Ni sauti yake," alisema.

Hakusema uongo, alijiambia hivyo baadaye. Sauti kweli ilikuwa ya Matilda. Ila jioni habari ilikuwa imefika mpaka Uyole, pembeni mwa mji, kwamba fundi Kalinga, yule asiyedanganyika, amethibitisha. Jina alilolijenga kwa miaka arobaini ndilo lililokuwa linabeba mzigo ule, na hakulala vizuri. Alisikia watu wakisema kumbe fundi alimpatia Mama vile vile, na kura yao ni ya Mama. Mabibi ambao hawakuwa na mpango wa kupiga kura walikuwa wanatafuta vitambulisho vyao. Kalinga alianza kumshuku kila mtu aliyemsifu, akahisi wanamcheka, kumbe walikuwa wanamwamini, jambo ambalo lilimuuma zaidi.

Siku ya nne akaja Subilaga, binti ya marehemu, mwalimu huko Iringa. Alikuwa amesafiri kutwa nzima. Alimwamkia shikamoo kwa adabu, akakataa chai, akakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Kalinga akaanza kumweleza habari ya vikohozi viwili na kompyuta, haraka haraka, kama mtu anayewahi kabla hajaulizwa. Subilaga alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, mimi sikuhitaji kikohozi," alisema. "Asukile ni jina la babu yangu, baba mkwe wake mama. Mama hakuwahi kulitamka tangu siku alipoolewa."

Kalinga aliweka chini kitambaa cha kufutia mikono. Mwanamke wa Kinyakyusa wa enzi ile hamtaji baba mkwe wake, wala hakutani naye uso kwa uso. Akimwona njiani anaacha njia na kujificha mpaka apite. Hilo Kalinga aliwahi kulisikia, kama mgeni anavyosikia mambo ya wenyeji. Kwao Iringa mkwe huheshimiwa sana, lakini hakuwahi kufikiri kwamba heshima ile ya Kinyakyusa ingeweza kuingia hata studio. Sasa ndipo alipokumbuka kwamba kulikuwa na bwana mmoja wa idara ya maji aliyeitwa jina hilo, na Matilda alimsema redioni mwaka mzima kwa kumwita "yule bwana wa mabomba." Wasikilizaji walicheka. Kalinga naye alicheka, akadhani ni dharau ya kisiasa. Miaka yote aliyokaa naye kwenye chumba kimoja hakujua kwamba mama wa watu alikuwa anamtunzia mkwe wake heshima.

Akaanza kumlaani Ezron, akasema mtu yule ni nyoka. Subilaga akatoa simu, akamwonyesha video. Alikuwa Kalinga mwenyewe, amekaa pale pale, bisibisi chini, anakohoa, anasema huyu Asukile namjua, akisimama simameni naye. Neno kwa neno.

"Sauti wameichukua kwenye kanda," Subilaga alisema. "Maneno wameyachukua kwako. Baba, wewe ndiye wa kwanza kumtamkisha mama jina la mkwe wake."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. Kalinga aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu utotoni. Miaka sita alikuwa anawavalisha marehemu mawazo yake mwenyewe na kupigiwa makofi, na hakuna siku aliyojiuliza kama Matilda angekubali. Aliwakagua watu wote wa Mafiati isipokuwa mmoja. Akamwomba msamaha yule binti, na akamwambia kwamba atasema ukweli wote, kibanda kivunjwe kama ni kuvunjwa.

Alisema jioni ile ile. Alirekodi kwa simu yake, dakika tatu, pole pole. Akataja jina lake na la baba yake, akasema sauti ile imetengenezwa, kanda alizitoa yeye, maneno ni yake yeye, na Mama Matilda hakuyasema wala asingeyasema, na sababu yake akaieleza. Akatuma kwenye grupu, akakaa kusubiri matusi.

Matusi hayakuja. Lilikuja jambo baya zaidi. Haikupita saa moja mtu akaandika kwamba wananchi wawe macho, kwamba upande wa pili nao wametengeneza sauti ya fundi Kalinga kwa kompyuta. Mwingine akasema hata yeye ameshtuka, maana Kalinga wa kweli haombi msamaha. Wa tatu akaziandika dakika na sekunde ambapo, kwa sikio lake, mashine ilijisahau. Wakapongezana kwa kuwa wajanja. Kalinga alisoma yote akiwa amesimama, akatambua namna ya kuuliza, na mashaka yenyewe, na hata raha ya kumnasa mtu. Aliwafundisha yeye, kwenye benchi zile.

Asubuhi hakufungua kibanda. Alivaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo, akaanza kupita nyumba kwa nyumba ili watu wayasikie maneno kinywani mwake. Siku tano zilikuwa zimebaki na nyumba zilikuwa nyingi. Wa kwanza alikuwa Mama Saida, aliyemjua kwa miaka ishirini. Alimkaribisha ndani, akamkalisha karibu na dirisha kwenye mwanga, akamtazama mdomo wakati wote alipokuwa anasema, kama yeye alivyozoea kukagua skrubu za redio. Alipomaliza, Mama Saida akamwomba arudie tena, pole pole.