Nani Anafunga Tangi?

Gari lilizima tena katikati ya mlima, kabla ya kufika mji mdogo wa Rodi, huku lori la miwa likinipumulia mgongoni. Nilivuta breki ya mkono, nikampungia dereva wa lori apite. Alipita akinitazama kutoka juu, akacheka. Sikumlaumu. Gari langu halina boneti wala milango, na kiti chake kirefu kilitoka kwenye matatu iliyokatwakatwa. Mtu akilikuta limesimama barabarani hafikirii kwamba limeharibika. Anafikiri halijamalizwa kuundwa.

Nieleze kwanza ni gari la namna gani. Kuna watu wanaopenda kuchukua gari kuukuu, kulivua mabati yasiyo na kazi, kulishusha karibu na ardhi, kisha kulitia injini yenye nguvu kuliko ile liliyozaliwa nayo. Gari la aina hiyo huitwa hotrodi. Mimi hufundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja hapa Rongo, na kwa miaka mingi nilitamani kuunda langu nyuma ya nyumba, kwa mikono yangu. Nafasi niliipata kwenye pikapu ya marehemu baba mkwe, iliyokuwa imekaa bomani hadi kuku wakaanza kutagia ndani yake.

Pikapu hiyo haikunijia kwa amani. Mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, ni mvuvi kule Muhuru Bay. Alitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu ili apate injini mpya ya mashua. Mume wangu, ambaye ndiye mkubwa, akaamua nipewe mimi. Ndugu hao wawili walikaa muda mrefu bila kupigiana simu. Walikuwa ndio kwanza wameanza tena kusalimiana wakati injini yangu ilipoanza kuzima.

Na tangi la mafuta lilitoka kwa nani? Kwa shemeji huyo huyo. Tangi la asili lilikuwa limeliwa na kutu. Siku moja alikuja sokoni Rongo na magunia yake ya omena, dagaa wa ziwani, na juu ya magunia kulikuwa na tangi jekundu la mashua, lile la kubebeka ambalo wavuvi huunganisha na injini kwa mpira.

"Chukua, nyar Karachuonyo," alisema. Hivyo ndivyo ukweni wanavyoniita, binti wa Karachuonyo. "Usije ukasema sikuchangia hii maajabu yako."

Nilishukuru, nikalifunga kwa bolti nyuma ya kiti. Lakini moyoni nilijiuliza: mtu aliyekasirika namna ile, leo ananipa tangi zima bure?

Basi, likaanza kuzima. Liliwaka vizuri asubuhi na kwenda kilomita kadhaa likinguruma hadi watoto wakatoka mbio majumbani. Halafu linakohoa, linapoteza nguvu, linakata. Ukilipumzisha kidogo linawaka tena, linaenda umbali mfupi, linakufa upya.

Huwaambia wanafunzi wangu kwamba kutafuta hitilafu ni kazi ya uvumilivu kuliko akili. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, maana likipona hutajua dawa ilikuwa ipi. Nilianza na moto. Injini ikizima nilichomoa waya wa plagi moja na kuutazama, na cheche ilikuwa kali, ya buluu. Koili nayo haikuwa ya moto kupita kiasi. Basi shida ilikuwa kwenye mafuta. Nilibadilisha chujio, bila faida. Nilifungua kabureta, nikaikuta bakuli yake karibu tupu, na hapo nikajua kwamba mafuta hayafiki. Nikashuku pampu, nikaenda Migori kutafuta nyingine. Nilipoileta, matundu yake ya bolti hayakulingana na injini yangu, ikabidi nichonge kipande cha chuma cha kuziunganisha na kukipiga msasa mpaka kikae sawa. Kazi nzuri ile, najivunia mpaka leo. Gari likazima vilevile. Nikahamisha mpira wa mafuta ukae mbali na bomba la moshi, nikidhani petroli inachemka ndani yake. Gari likazima vilevile.

Pale mlimani, lori lilipokwisha kupita, nilifanya jambo la kijinga ambalo kila dereva hufanya akiishiwa na mawazo: nilifungua kifuniko cha tangi kutazama kama kuna mafuta. Tangi likavuta pumzi. Sauti ndefu, *fyuuu*, kama mtu aliyekuwa amezuiwa kupumua. Niliporudisha kifuniko na kuwasha, gari lilinguruma, likapanda mlima wote bila kukohoa.

Hapo nikaelewa. Chukua chupa ya soda, ingiza mrija, kisha uzibe mdomo wa chupa kwa mkono ili hewa isipite. Utafyonza mara mbili, halafu soda haitapanda tena, hata uwe na mapafu ya ng'ombe. Mafuta yanapotoka tangini, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Ndiyo sababu kifuniko cha tangi la mashua kina kiskurubu kidogo juu yake. Ukikilegeza, hewa inaingia. Ukikikaza, tangi linabanwa na pampu inashindwa. Nilitazama kiskurubu changu. Kilikuwa kimekazwa kabisa.

Nilikilegeza, nikaenda Rodi, nikarudi nikiimba.

Lakini siku zilizofuata nilikuta kimekazwa tena. Nikakilegeza. Baadaye nikakuta kimekazwa. Kama kingekuwa kinalegea chenyewe ningeamini ni mtikisiko. Mtikisiko haukazi kitu. Palihitajika vidole.

Nilianza kuchunguza, si gari tena bali watu. Kilikazwa lini? Si kila siku. Nilifikiria nyuma, nikaona kwamba kila mara ilikuwa baada ya siku ya soko. Na siku ya soko ni nani hupita kwangu kula chakula cha mchana kabla ya kurudi Muhuru? Ni nani huzunguka kibandani kwangu akilitazama gari, mikono mgongoni, akisema, "Hii kitu itakuua"?

Maneno hayo nilikuwa nikiyacheka. Sasa niliyasikia tofauti.

Ningeweza kuyamaliza hapo hapo. Bomba dogo la shaba lililochomelewa kwenye kifuniko lingepitisha hewa wakati wote, na hakuna ambaye angeweza kuliziba kwa vidole. Sikufanya hivyo. Nilitaka kumjua mtu wangu. Gari lisilo na nguvu mlimani, lori nyuma yake, si mzaha wa kifamilia.

Nilimpigia simu mume wangu, ambaye anafanya kazi ofisini Homa Bay na huja nyumbani mwisho wa juma. Sikueleza mambo ya skurubu. Nilisema tu kwamba nadhani ndugu yake anachezea tangi la mafuta ili gari lishindwe.

"Una hakika?" aliuliza.

"Bado."

"Pata hakika kwanza. Maana kama ni yeye, hakanyagi hapo tena. Na mimi hatanisikia tena."

Nilikata simu. Ndugu ni wawili tu, baba hayupo, na neno langu moja lingewatenganisha moja kwa moja.

Siku ya soko iliyofuata nilipaka grisi nyeusi chini ya ukingo wa kiskurubu, mahali ambapo jicho halifiki ila kidole kinafika. Kisha nikaingia jikoni, nikapika. Shemeji alifika, nikamsikia akipiga mluzi kibandani, kisha kimya, kisha mluzi tena. Alipoketi mezani nilileta birika na beseni nimnawishe, kama tunavyomnawisha mgeni yeyote. Maji yalipita juu ya mikono yake. Samaki walikuwa wameiacha na makovu mengi, na kwenye kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia, grisi nyeusi ilikataa kutoka.

"Umeshika nini, shemeji?"

"Si hiyo gari yako. Kila kitu kwako ni grisi, hata ugali siku moja utaleta na grisi." Akasugua vidole, akacheka, akamega tonge.

Hakubabaika hata kidogo. Nilimwangalia akila na kuusifu mchuzi, nikawaza kwamba mtu anayeweza kucheka hivyo ni hatari kuliko nilivyodhani.

Mume wangu aliposikia habari ya grisi alisema, "Mlete Homa Bay. Na gari ulilete. Nitamuuliza mbele yako." Nikamwambia shemeji kwamba kaka yake anataka kuliona gari, na kama ana nafasi twende pamoja. Alikubali mara moja. Hata hilo nililitilia shaka.

Asubuhi ya safari sikukigusa kiskurubu. Nilikiacha jinsi alivyokiacha yeye, kimekazwa, nikae nione. Alipanda, akajipangusa vumbi ambalo bado hatukuwa tumelipata, akaanza kunisimulia habari za jirani yake aliyenunua nyavu mbovu. Katikati ya maneno hayo, bila kugeuza kichwa, alinyoosha mkono nyuma ya kiti, akapapasa, akalegeza skurubu.

Nilikuwa nimeshika ufunguo. Sikuuzungusha.

"Mbona umefungua?"

"Kwani tunaenda ama hatuendi?"

"Na tukifika?"

"Unafunga. Tangi halikai wazi nchi kavu, petroli yote itaruka, na ukilibeba itakumwagikia mguuni." Alinitazama kama mwanafunzi mzito. "Wewe ndio huacha wazi kila siku. Kila nikija, wazi. Nafunga, nikirudi, wazi."

"Kwa hiyo ni wewe umekuwa ukifunga."

"Sasa nani mwingine, kuku?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Yawa! Mke wa kaka yangu, mwalimu wa magari, nimwambie amesahau kufunga tangi? Ningekula wapi siku hiyo?"

Nilimweleza yote njiani, nikipiga kelele kushinda injini: soda na mrija, lori la miwa, pampu ya Migori. Alishika kichwa. Akaapa hatakigusa kiskurubu hicho tena. Nikamuuliza pia lile ambalo sikuwa nimethubutu kuuliza: bado anataka pikapu iuzwe?

"Bado," alisema. "Ile injini yangu inanitesa. Lakini ninyi mlishaamua. Nitaenda wapi?"

Angalau hilo lilikuwa la kweli, na lilizidi kunichanganya. Mtu mwenye sababu, anayekiri sababu yake. Na kule kulegeza skurubu kabla ya safari kulithibitisha nini? Alikuwa ndani ya gari pamoja nami, na hakuna anayetaka kukwama kwenye mlima ule akiwa abiria. Tulishuka kuelekea ziwani, gari likienda kama limetiwa mabawa, nami bado nilikuwa napima kila neno lake, nikijua kwamba kaka yake ananingoja nitoe jibu.

Mume wangu alikuwa amesimama nje ya ofisi, mikono mifukoni, uso umefungwa. Niliegesha. Shemeji alimwona, akaita, "Jaduong', mkubwa wangu! Umenona, hii Homa Bay inakulisha nini?" na huku akishuka, akiangalia uso wa kaka yake na wala si kitu kingine, mkono wake wa kulia ukarudi nyuma ya kiti, ukakaza skurubu mpaka mwisho.

Baada ya kuapa. Mbele ya mtu ambaye hakupaswa kabisa kumwona akifanya hivyo. Nilijua hapo hapo, jinsi unavyojua sauti ya injini ambayo cheche zake zinawaka kwa wakati wake: kichwa chake kilikuwa kimeapa, mkono haukuwa na habari.

"Umeona?" mume wangu akasema, sauti ikipanda. "Mbele ya macho yangu! Unafanya nini hapo?"

Shemeji aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nyar Karachuonyo, haki ya Mungu, sikukusudia."

"Mwache," nilimwambia mume wangu. "Nilikosea. Anafunga tangi kwa sababu tumefika."

Hakuelewa. Alisogea, akainama juu ya kifuniko chekundu, akakishika kiskurubu kwa vidole viwili. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia. Yeye alipelekwa shule ya bweni mapema na hakuwahi kuvua samaki kwa riziki, lakini likizo zote alikuwa ufukweni na baba yao.

"Mzee alikuwa anachapa kwa sababu ya hii kitu," alisema polepole.

"Alikuwa anachapa mimi," shemeji akajibu. "Aliyekuwa anaiacha wazi ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe! Unashuka na kitabu kwapani, unaacha tangi linanuka mashua nzima. Mzee akiuliza, uko choo."

"Huo ni uongo. Sikia mvuvi anavyodanganya!"

Walianza kutembea kuelekea kibanda cha samaki wa kukaanga, mmoja akimsukuma mwenzake begani, sauti zao zikipanda tena, safari hii kwa Dholuo na kwa kasi hata sikuweza kufuata yote. Hakuna aliyekumbuka kuniita. Nilitoa kitambaa, nikafuta vumbi kwenye kabureta, nikangoja injini ipoe ili niangalie maji ya rejeta.