Zimeni Data, Wimbo Upite!

Saa tano kasoro robo asubuhi, jua la Kibaigwa limeshachachamaa na malori ya mahindi yamebanana nje ya soko. Ndani ya duka lake la steshenari, Anitha Chilongani anachomeka flashi kwenye kompyuta, anatazama kioo, kisha anapiga mluzi.

"MB mia tisa! Baba Yotham, huu ni wimbo au ni harusi nzima?"

Yotham, mwenyekiti wa kikundi cha ngoma kutoka kijiji cha jirani, anacheka kwa woga. Video hiyo inatakiwa kufika Dodoma mjini kabla ya saa sita mchana. Ikifika, kikundi kinaingia kwenye mchujo wa tamasha la ngoma za asili. Isipofika, yatajirudia ya mwaka jana, alipoleta flashi zikiwa zimebaki dakika kumi, akiamini kutuma ni kubonyeza tu. Walichelewa, na kina mama wa kikundi hawakumsemesha hadi mavuno.

"Nikirudi tena na habari ile ile, nitahama kijiji," anasema.

Anitha anapima kasi ya mtandao. Ni megabiti mbili kwa sekunde. Yotham anawahi kupiga hesabu: mia tisa gawa kwa mbili, sekunde mia nne na hamsini.

"Dakika saba na nusu! Tumepona!"

"Bado, baba. Faili linapimwa kwa baiti, mtandao unapimwa kwa biti. Baiti ni gunia, biti ni debe. Na gunia hili ni lumbesa, lina debe nane."

Hakuna mtu wa Kibaigwa asiyeijua lumbesa, gunia la kushindiliwa hadi kufurika. Mia tisa mara nane ni elfu saba na mia mbili. Gawa kwa mbili, unapata sekunde elfu tatu na mia sita, yaani saa nzima.

"Saa sita kasoro robo tutakuwa tumemaliza," anasema Anitha, na kubonyeza.

Mama huyu wa miaka 33 alianza na mashine moja ya kopi. Kompyuta aliinunua kwa Asif, mwenye duka la vifaa mjini Dodoma, na ndiye aliyemfundisha hesabu hiyo. Siku nzuri anaondoka na shilingi elfu ishirini. Umeme ukikatika, anaondoka na jasho lake.

"Zamani nilikuwa nawaambia wateja 'subiri kidogo'. Kidogo ikawa saa mbili, tukawa tunagombana. Sasa namtajia mtu muda, anakwenda zake sokoni, anarudi tunacheka."

Saa tano na robo, nusu ya wimbo imeshakwenda. Halafu kasi inaporomoka hadi nusu megabiti. Anitha anakokotoa upya na uso unambadilika: kwa mwendo huo, iliyobaki itachukua saa mbili.

Yotham anaketi juu ya boksi la karatasi. "Nimekwisha mimi."

Nje kunasikika vifijo. Anitha anachungulia, anashika kiuno. Wanakikundi zaidi ya thelathini, njuga miguuni, wamekuja kuusindikiza wimbo wao. Kila mmoja ameinua simu, anarekodi na kurusha kwenye status. Bibi Restuta, mwimbishaji wao, yuko kwenye simu ya video na mjukuu aliyeko Mwanza, anamwonyesha mlango ambako wimbo unatokea.

"Jamani, mnara ni mmoja!" Anitha anapaza sauti. "Mnauzibia njia wimbo wenu wenyewe! Zimeni data!"

"Hata mimi?" anauliza Bibi Restuta.

"Hata wewe, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Haya mjukuu, kwaheri, tunapisha wimbo."

Simu zinazimwa moja baada ya nyingine. Hata madalali wawili wa mahindi wanazima za kwao, bila kuambiwa. Ndani, kasi inapanda, inarudi megabiti mbili.

Saa sita kasoro dakika kumi, Anitha anaruka kutoka kitini. "Umefika!"

Vigelegele vinalipuka hadi sokoni. Yotham anaikumbatia mashine ya kopi.

"Umeuonaje wimbo wetu, mwanangu?" Bibi Restuta anauliza.

Anitha anaona haya. "Sijausikia, bibi. Ningeufungua, kompyuta ingekwama."

Anasema anadunduliza ili avute faiba, intaneti ya waya yenye kasi, hadi dukani. "Nikiipata, waniletee nyimbo hata kumi, na data wawashe watakavyo." Wakichaguliwa, wamemwahidi kiti kwenye gari la kwenda Dodoma, naye ameshaapa kufunga duka siku hiyo.

Lakini Bibi Restuta hataki Anitha asubiri tamasha. Anawatazama wenzake, anapiga mguu chini, njuga zinaitika, na wimbo wote unaimbwa pale mlangoni kwa ajili ya mtu mmoja. Yotham anapapasa mfuko, anatoa simu ili arekodi.

Bila kukatiza ubeti, bibi anamnyang'anya.