Siku Mama Alipoomba Yasomwe

Mwaka niliokuwa kidato cha tatu, mjini Morogoro kulifunguliwa duka la intaneti si mbali na soko. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguka. Redio za watu binafsi zilikuwa zinapiga muziki mchana kutwa, magazeti yalijaa mezani kwa wauzaji, na kila kiongozi aliyekuja kutuhutubia shuleni alitaja soko huria na utandawazi. Sisi wasichana wa bweni tulikuwa tunaruhusiwa kwenda mjini Jumamosi moja kwa mwezi, kwa karatasi ya ruhusa iliyoandikwa uendako. Yangu iliandikwa dukani kununua sabuni. Nilinunua sabuni haraka, kisha nikaingia mle ndani kwenye kompyuta zenye vioo vinene, nikaketi.

Waliosoma shuleni kwetu zamani walikuwa wameanzisha ukurasa wa majadiliano. Wengine walikuwa Dar es Salaam, wengine ng'ambo. Walikuwa wakikumbushana mambo ya ujana wao na kuulizana shule inaendeleaje. Hakuna aliyekuwa akiwajibu kutoka shuleni. Nikaona mimi nipo, naweza kujibu.

Niliandika kuhusu maji. Pampu ya shule ilikuwa imekufa tangu muhula uliopita, na sisi wa kidato cha tatu tulikuwa tunachota mtoni kila asubuhi. Maji ya jikoni na ya bweni hayakuwa tatizo. Lakini tulichota pia ya nyumba za walimu, safari kwa safari, na tukirudi kipindi cha kwanza kimeshakwisha. Kipindi chenyewe kilikuwa hesabu, na nusu ya darasa tulishaanza kufeli. Nikaongeza kwamba matroni alimlazimisha msichana mgonjwa kubeba ndoo mpaka akazimia njiani. Chini nikaandika jina langu kamili na kidato changu. Nilidhani mtu asiyeweka jina lake anaonekana mwongo.

Baada ya wiki tatu niliitwa ofisini. Mmoja wa wale waliosoma zamani alikuwa ameyachapisha maneno yangu kwenye karatasi, akamletea mkuu wa shule mwenyewe. Mkuu wa shule alikuwa mama mrefu, mkali, mwenye sauti ya chini. Hakunigombeza. Aliniuliza kama ni mimi niliyeandika, nikasema ndiyo. Akanipa barua ya kwenda kumleta mzazi, na akanieleza kwamba kamati ya nidhamu ingeamua kama nitaendelea kusoma pale au la.

Nilipanda lori lililokuwa linarudi Mgeta, kwetu, kuchukua mboga. Njia nzima nilikuwa nafikiria jinsi ya kumweleza mama intaneti ni nini. Nilimkuta shambani kwenye matuta ya karoti, nikamwamkia, nikampa barua. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi mwenyewe barua ya kunishtaki. Aliniuliza kama nimeiba. Nikamwambia nimeandika. Akauliza nimemwandikia nani. Nikasema nimewaandikia watu wengi nisiowajua, kwa mashine. Akaniambia nikamwite mjomba.

Kwetu Uluguruni mtoto ni wa upande wa mama, na kwenye jambo zito mjomba ndiye anayesimama mbele ya watu. Mjomba wangu alikuwa katekista wa kigango chetu, mtu mpole anayeogopa ugomvi. Usiku mmoja haukutosha kumtuliza. Asubuhi alikuja amevaa koti lake la Jumapili na begani amebeba kiroba cha karoti za kumpa mkuu wa shule. Mama alimwangalia, akamwambia kwamba karoti hizo tutazishusha kwa shangazi mjini, kwa sababu tukifika nazo ofisini tutaonekana tumekuja kununua kosa. Mjomba alinung'unika, lakini karoti zilibaki kwa shangazi.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha walimu. Walikuwepo mkuu wa shule, matroni, mwalimu wetu wa uraia na walimu wengine wawili. Mimi nilisimama pembeni. Mkuu wa shule alieleza kwamba nimeichafua shule mbele ya dunia nzima, kwamba kuna njia za kufikisha malalamiko, na kwamba nilidanganya kwenye karatasi ya ruhusa. Mjomba akainuka. Aliomba radhi kwa niaba ya ukoo, akasema mimi ni mtoto na nimepotoshwa na mambo ya kisasa, akaomba nisamehewe kabla hata hajaulizwa chochote. Nilitazama sakafu. Niliona aibu kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, kwa sababu nilikuwa ninaomba moyoni maneno yake yafanye kazi.

Mama alikuwa hajasema neno tangu salamu. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye ofisi ya namna ile. Akakohoa kidogo, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Kila mtu hapa ameshika karatasi. Mimi sijui kusoma. Naomba yasomwe aliyoyaandika."

Mkuu wa shule alimwambia kwamba yaliyomo yanajulikana. Mama akajibu, taratibu kabisa, kwamba yeye hayajui, na hawezi kumwadhibu mtoto wake kwa kitu asichokisikia.

Basi mwalimu wa uraia akapewa kazi hiyo. Ndiye aliyetufundisha darasani kwamba kila raia ana haki ya kutoa maoni yake, na tangu tuingie alikuwa hajaninyanyulia macho. Alisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti aliyotumia kutusomea darasani. Maneno yangu yalisikika ya kitoto kidogo, lakini yalikuwa yananyooka. Alipofika kwenye kipindi cha hesabu, mwalimu mmoja aligeukia dirishani.

Alipomaliza, mama akauliza, "Ni kweli wanachota maji ya nyumbani kwa walimu?"

"Pampu imeharibika," mkuu wa shule akasema.

"Nimesikia, Mwalimu. Ninauliza kama wanachota."

Mkuu wa shule akaiweka karatasi mezani, akasema ndiyo, wanachota.

Nilisimama wima. Nadhani nilitabasamu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiona mshindi. Hapo ndipo matroni alipoomba kusema. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, Mwislamu wa pale pale mjini, na alikuwa ameshika mikono yake magotini. Alisema yule msichana alificha homa yake ili asionekane mvivu, na alipoanguka njiani ni yeye matroni aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, na akashinda naye huko. Alisema binti zake wanayasikia haya mtaani sasa. Hakupandisha sauti.

Mama akanigeukia. "Hilo la mgonjwa, uliliona kwa macho yako?"

Nilitaka kusema kwamba bweni zima lilisimulia hivyo. Nikasema, "Hapana, mama. Niliambiwa."

"Basi hilo utaliondoa, na mama huyu utamwomba radhi hapa hapa. Yale uliyoyaona yaache kama yalivyo."

Nilipiga magoti mbele ya matroni, nikamwomba radhi. Alinigusa bega lakini hakusema amenisamehe, na sikumlaumu.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo. Nilisimamishwa masomo wiki mbili kwa kudanganya kwenye karatasi ya ruhusa. Kuhusu kuandika, mkuu wa shule alisema halitaandikwa lolote kwenye faili langu. Baadaye nilisikia kwamba mwalimu wa uraia ndiye aliyeshikilia iwe hivyo, tulipokuwa nje tukisubiri uamuzi.

Nilidhani tutarudi Mgeta moja kwa moja. Mama akasema kwanza tukaliondoe lile neno. Tulikwenda duka la intaneti watatu, mjomba akabaki mlangoni na koti lake akijifanya anasoma matangazo. Nilimweleza mama kwamba kilichokwisha kuandikwa mle mimi sina uwezo wa kukifuta. Akasema basi niandike jingine chini yake, ili atakayesoma la kwanza alikute na la pili. Niliandika kwamba habari ya mgonjwa niliisikia tu na haikuwa kweli, na nikaeleza matroni alifanya nini siku ile.

Mama akaniomba nimwonyeshe palipoandikwa maji. Nikamwonyesha. Akaniomba nimwonyeshe jina. Jina langu ni la bibi, mama yake mzazi, aliyekufa bila kufika mbali kuliko Kilosa. Mama aliliwekea kidole pale kwenye kioo, akaliangalia muda mrefu, mpaka mwenye duka akatukumbusha kwamba muda wetu umekwisha.

Niliporudi shuleni, kuchota maji ya nyumba za walimu kulikuwa kumekoma, na ya jikoni yalichotwa jioni. Pampu yenyewe ilitengenezwa tulipokuwa kidato cha nne. Matroni alikaa karibu muhula mzima akinijibu salamu tu. Siku moja alinisimamisha kwenye ngazi za bweni, akaniambia nikitaka kuandika habari zake tena, chumba chake nakijua, nianze kwa kumuuliza. Nilimwambia nitafanya hivyo, na tangu hapo tuliongea.

Likizo iliyofuata nilimsindikiza mama sokoni Nyandira. Wanawake wenzake walikuwa wamesikia kwamba nilifukuzwa shule, na mmoja aliuliza, kwa upole, kama nimesharudishwa. Mama alikuwa anapanga kabichi zake. Alisema sikufukuzwa. Alisema niliandika jambo la kweli, watu wa nchi nyingi wakalisoma, na palipokuwa na kosa nikasahihisha mwenyewe mbele yake. Kisha akamtajia yule mwanamke jina langu lote, kwa sauti ambayo hata wa meza ya tatu waliisikia.