Pasi ya Mama na Goti la Kaka

Kaka yangu, aliyekuwa kaporali jeshini, alinyimwa pensheni ya ulemavu kwa sababu ya pasi ya mama. Sitanii. Goti lake liliharibiwa na bomu upande wa Kamango. Halikunjiki tena, na shambani hawezi kuinama. Lakini siku tume ya jeshi ilipomwita mjini Beni, mama alimvalisha kama bwana harusi: suruali yenye mkunjo mkali wa pasi, viatu vinavyong'aa, bereti iliyopigwa brashi. Mkongojo waliuacha kwa jirani, maana kwetu mtu haendi mbele ya wakubwa akionyesha unyonge. Koloneli daktari alipoingia, kaka alisimama wima, akapiga saluti. Jibu likaja: anaweza kufanya kazi.

Nilikata rufaa mimi, dada yake mdogo, kwa kuwa yeye aliona aibu kubishana na mkubwa. Nilizunguka ofisi hadi nikachukia hata harufu ya wino wa mihuri. Hatimaye tuliitwa tena. Asubuhi ya safari natoka chumbani, namkuta mama anapuliza makaa ya pasi.

"Mama, leo hapana kupiga pasi. Tulisha kusema."

"Aende mbele ya bakubwa na manguo ya kukunjana? Batasema hana mama."

Nilienda kuchukua mkongojo, maana ningefungua mdomo ningekosa adabu. Njia nzima kutoka Butembo nilimsihi kaka: "Yaya, usisimame. Bakikuuliza, useme inauma." Aliitikia kwa kichwa huku akitazama nje.

Koloneli akaingia, yule yule. Kaka akashika ukuta, akajivuta, akasimama wima. Mkongojo, ambao safari hii niliubeba mwenyewe, ukabaki chini ya benchi.

"Unaumwa wapi, caporal?"

"Niko bien, mon colonel."

Damu ilinipanda. Safari zote zile, halafu ati yuko bien, mzima kabisa! Niliivua bereti kichwani mwake, nikaitupa sakafuni.

"Mon colonel, umupatie amri aiokote."

Alinitazama kama anayetaka kunifukuza. Kisha akasema taratibu, "Okota, caporal."

Na kaka, ambaye hajawahi kukataa amri, akainama. Mguu ukabaki umenyooka kama mpini. Mkono ukatafuta ukuta, ukaukosa. Akaanguka na suruali yake ya mkunjo, vidole vikiwa karibu na bereti lakini haviifikii.

"Pardon, mon colonel," alisema pale chini. "Nitajaribu tena."

Koloneli akapiga magoti, akalishika lile goti kwa mara ya kwanza. Hakuchukua muda. Alisema uamuzi wa zamani umefutwa, pensheni atapata. Nilipaswa kufurahi, lakini nilikuwa na hasira tu. Mtu mpaka aanguke ndipo aaminiwe?

Kaka hakunisemesha hadi Butembo. Mama alitupokea mlangoni, wala hakuuliza habari za pensheni. Aliona vumbi kwenye suruali.

"Nani aliangusha mutoto yangu?"

Nikamwambia ni mimi.