Glavu za Saluni

Kwenye ukuta wa chumba cha wagonjwa mahututi, mkuu wa hospitali alikuwa amebandika tangazo maridadi la rangi: "Glavu ni lazima." Tangu janga liingie, matangazo hayakuwahi kuadimika hata mara moja. Zilizoadimika ni glavu.

Kwa hiyo muuguzi, mwanamke ambaye hajawahi kutoka kazini na hata pini ya serikali, alivaa mifuko ya mkate mikononi, akaikaza kwa plasta, na kuingia kuwanyonya makohozi, kwa mpira wa mashine, wagonjwa wasio na nguvu ya kukohoa. Mfuko huteleza. Mpira wa kunyonyea nao ukiteleza, mgonjwa anakosa pumzi. Mmoja wa wagonjwa hao, kitanda cha dirishani, alikuwa mama mkwe wake.

Mtunza stoo alipoulizwa, alijibu kwa upole wa mtu aliyeshiba: "Sista, tumwombe Mungu tu. Dunia nzima haina glavu."

Alipotoka zamu, muuguzi alipitia saluni kwa wifi yake kumweleza hali ya mama, maana ndugu hawakuruhusiwa kuvuka geti. Alimkuta amevaa glavu, anampaka mteja rangi ya nywele.

"Haya, daktari wetu! Mama anaendeleaje?"

"Anapambana. Wifi, hizo glavu umezitoa wapi?"

"Nina mtu wangu. Wengine tunajua kuhangaika. Wewe una hospitali nzima, unatoka mikono mitupu! Hata barakoa moja hujatuletea."

Mteja alicheka mpaka rangi ikamchuruzika sikioni.

Muuguzi aligeuza boksi lililokuwa mezani. Ubavuni lilikuwa na muhuri mwekundu: Chumba cha Mahututi. Mengine kama hilo yalipangwa juu ya kabati hadi karibu na dari.

"Unajua mimi navaa nini nikimhudumia mama yako?" Alitoa kwenye pochi mfuko safi aliouweka kwa ajili ya kesho, akamvisha wifi juu ya glavu. "Hebu shika brashi."

Brashi ikaanguka. Wifi akaiokota, ikaanguka tena. Safari hii mteja hakucheka.

"Mimi nilinunua," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Sikuiba."

"Hakuna aliyeiba, wifi yangu. Siku hizi vitu vinajitembelea vyenyewe."

Wakayabeba maboksi yote hadi getini. Mtunza stoo alipoyaona hakubabaika hata kidogo. "Mfadhili!" akapaza sauti, akamwita mpiga picha. Mkuu wa hospitali akashuka ngazi mbio, akaligeuza boksi la mbele ili muhuri uelekee nyuma, kisha akaanza hotuba kuhusu moyo wa kujitolea. Wifi akaambiwa atabasamu, ingawa alikuwa amevaa barakoa.

Muuguzi akachomoa boksi la chini kabisa. Rundo likaporomoka mbele ya kamera.

"Sista! Tunapiga picha!"

"Pigeni. Na muhuri msiusahau, huo hapo chini unawatazama. Mimi nina mgonjwa."

Kifua cha mama mkwe kilisikika kikikoroma tangu mlangoni. Muuguzi alivaa glavu, akashika mpira, nao ukatulia mkononi. Akanyonya polepole mpaka mkoromo ukakatika, na mama akavuta pumzi ndefu.

Nje, watu walikuwa wanampigia makofi mtunza stoo kwa kumpata mfadhili.