Direktere Aliikala mu Kiti ya Batoto

Bandugu balimu, leo nilisalimia Direktere na meza mu kiuno.

Sikieni.

Direktere yetu, mukubwa ya shule, alileta mupango mupya: kila mwalimu aende kuikala nyuma, mu kalasi ya mwenzake, aone vile batoto banaona.

Muzuri. Nikaenda kwa mwalimu Kabamba, kalasi ya kwanza. Nikajisukuma mu kiti ya batoto babili, ile inashikana na meza. (Muache tumbo yangu.)

Direktere akaingia. Batoto bote bakasimama.

Miye nikasimama na meza.

"Mwalimu! Njo heshima gani hii?"

"Pole, Direktere, nilikwama. Na huku nyuma jua inapiga tablo, ubao ya kuandikia, hatuone kitu."

"Weye iko na buvivu tu! Sogea."

Nikaikala tena, akajisukuma pembeni yangu. Bandugu, Direktere iko munene kunipita.

Akaangalia tablo. Akafinya macho.

"Kweli," akasema pole pole. "Hatuone kitu."

Kiisha akataka kusimama.

Aka-ta-ka.

Kengele ya mapumuziko ikalia. Lakini sheria iko yake mwenyewe: hakuna mutoto anatoka kama Direktere hajasimama. Batoto bakabakia, banatuangalia tu. Hata moja hakucheka. Njo ilikuwa mbaya zaidi!

Kabamba, ule muntu mubaya, akaendelea na hesabu:

"Bantu bakubwa babili beko mu kiti. Tukitosha moja inje, banabakia bangapi?"

Kamwana moja ka mbele kakainua mukono.

"Babili, mwalimu. Habatoke."



"Jibu iko ya kweli," Direktere akasema. "Mwite fundi ya mbao. Na kesho tablo ihame ukuta."

Balimu ba shule ya Kabongo, mupango iko njiani kwenu. Mupime viti mapema.